Namba ya Siri Isiyo Siri

Kabla sijatoa maoni yangu nataka kwanza nikiri kosa. Likizo ya Desemba iliyopita ayeeyo wangu, mama mzazi wa hooyo, aliibiwa shilingi 6,500 katika simu yake. Zilikuwa pesa za mbuzi aliyeuzwa hapa soko la mifugo la Garissa, naye alikuwa amezipangia matumizi yote, mpaka karo yangu ilikuwemo. Aliyezichukua ni kijana mmoja aliyejifanya kumsomea ujumbe. Lakini aliyemfungulia mlango kijana huyo ni mimi.

Vipi? Siku ayeeyo aliponunuliwa simu, mimi ndiye niliyemwekea namba ya siri. Nilikuwa na haraka, vijana wenzangu wananingoja uwanjani. Basi nikaweka mwaka wake wa kuzaliwa, ule ulioandikwa katika kitambulisho, nikaondoka mbio. Na mnajua vile mambo yalivyo: wazee wetu wengi wa huku Kaskazini Mashariki wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu siku yenyewe haikuandikwa popote. Mwaka nao ni wa kukisia. Kila ayeeyo akienda kutoa pesa dukani, kitambulisho anakiweka juu ya meza, mwenye duka anaandika kitabuni, na walio nyuma kwenye foleni wanaona. Kwa hivyo siri yake ilikuwa inatembea naye, imechapishwa kwenye kadi!

Nilipomweleza abti wangu, ambaye ni fundi wa simu, alicheka kwanza, kisha akakasirika. Akaniambia, "Kosa lako hili ni la kale. Simu za kulipia ziliibiwa vivyo hivyo." Nikamwomba anifafanulie, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Sisi vijana wa leo hatukuzijua simu za sarafu. Zamani, enzi za Shirika la Posta na Simu lililogawanywa mwaka wa 1999, mtu alisimama kibandani, akatumbukiza sarafu na kuzungumza. Sarafu zikiisha, mazungumzo yanakatika. Ng'ambo kulikuwa na nyingine zenye akili zaidi. Kule Marekani, kuanzia mwaka wa 1984, wafanyabiashara wa kawaida waliruhusiwa kumiliki simu za kulipia. Simu hizo zilikuwa na kompyuta ndogo ndani yake. Tajiri hakuhitaji kuizungukia kila simu. Akiwa ofisini kwake aliipigia simu yake mwenyewe, ikaitikia, akaipa neno la siri, kisha akaiuliza ina pesa ngapi tumboni. Akitaka kubadilisha bei ya dakika, anabadilisha akiwa amekaa kitini.

Kazi rahisi, sivyo? Lakini hebu tutafakari. Simu ile haikumjua tajiri kwa sura wala kwa sauti. Ilijua neno la siri tu. Yeyote aliyekuwa na namba ya simu ile pamoja na neno lile, kwake huyo ndiye tajiri. Mashine nyingine zilitoka kiwandani zikiwa na neno moja la kuanzia, na mwenye mali alitakiwa kulibadilisha. Wenye mali wengine hawakujisumbua. Basi mjanja aliyelijua neno la kiwanda aliweza kuipigia simu ya mtu, akaiamuru ifanye atakavyo. Kufuli lilikuwa zima kabisa, ila ufunguo ulikuwa mikononi mwa kila mtu.

Simu za vibandani zimetuondokea. Je, tabia hiyo nayo imeondoka? Hata kidogo! Kuna amri inayoanza na *33*, ambayo mtu akiibonyeza na kuongeza namba ya siri ya tarakimu nne, inaizuia simu yake isipige nje. Mitandao mingi huianzisha namba hiyo ikiwa 0000, na wengi wetu hatujui hata kwamba ipo. Walaghai wanajua. Humpigia mtu wakijifanya watumishi wa kampuni ya simu, wakamwambia abonyeze amri hiyo pamoja na sufuri nne. Akishagundua kwamba anaibiwa, akitaka kupiga simu kuomba msaada, haitoki.

Na katika pesa za simu sisi wenyewe tumegeuka kiwanda. M-Pesa, tangu ianze Machi 2007, humtaka kila mtu achague namba yake ya tarakimu nne. Tarakimu nne hutoa namba 10,000, na ukikosea mara tatu unafungiwa. Kwa hivyo mwizi wa kubahatisha hana lake. Lakini tukiweka mwaka wa kuzaliwa, zile 10,000 zinabaki mia moja na ushee. Na kama mwizi ameshaona kitambulisho, inabaki moja tu!

Najua wapo watakaoniambia, "Ah, wewe! Si hao wazee wajifunze tu? Ujinga wao sisi unatuhusu nini?" Wenzangu, tusiwaonee wazee. Ayeeyo anaweza kuhesabu nasaba yake, babu kwa babu, mpaka wa kumi na tano bila kukwama. Mbuzi wake anamjua kila mmoja pamoja na mamake. Mtu mwenye kichwa kama hicho atashindwaje na tarakimu nne? Hakushindwa yeye. Hakuulizwa! Ujumbe unaingia kwa Kiingereza au Kiswahili, naye anasema Kisomali. Kwa hivyo kila shilingi ikiingia ni lazima atafute mtu wa kumsomea, na huyo msomaji ndiye anayeishika simu.

Wengine watasema kwamba sisi ni watu wa kuaminiana, na kufichana namba ni kuleta tabia za mjini. Hoja hii naiheshimu. Hawala imeendeshwa miaka na miaka kwa amana. Mnakumbuka simulizi za mwaka wa 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili lililoua watu 148, serikali iliposimamisha kampuni 13 za hawala hadi Juni. Wazee husimulia jinsi nyumba nyingi zilivyotaabika kwa kukosa pesa za jamaa walio nje. Huku kwetu njia ya pesa si jambo la anasa. Lakini amana anapewa mtu unayemjua, unajua na nyumba yao, na akila amana wazee watamwita. Simu haina wazee wa kuiita. Inamtii aliye na namba, akishamaliza hata haikumbuki ni nani.

Basi tufanye nini? Kwanza sisi wanafunzi, kila mmoja likizo hii akae na ayeeyo wake au awowe wake kwa nusu saa. Asiyejua kusoma hahitaji kusoma. Kwenye simu ya vitufe, tarakimu 5 ina kipele kidogo katikati. Kutoka hapo mtu anapapasa juu, chini, kushoto na kulia, na anajifunza njia ya vidole kama anavyojua njia ya kisimani. Achague mwenyewe, wewe ugeuze uso.

Pili, kampuni za simu zikatae namba iliyo sawa na mwaka wa kitambulisho, maana mwaka huo wanao tayari. Na ziweke sauti ya Kisomali isomee wazee ujumbe wao.

Tatu, sisi wana Kiswahili tuache kusema "pini, pini" kila mahali. Lugha yetu imeiita namba ya siri, na jina hilo lenyewe ni onyo. Tuyatafsiri maonyo hayo kwa Kisomali, tuyabandike madukani na sokoni. Hiyo ni kazi ambayo chama chetu kinaweza kuifanya muhula ujao bila kuomba hata shilingi kwa mwalimu mkuu.

Pesa za ayeeyo hazikurudi. Karo yangu ililipwa kwa kuuza mbuzi wa pili, naye hakunigombeza hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko kiboko. Jioni moja tuliketi mkekani, nikamfundisha kile kipele cha tano, nikageuka nikatazama ukuta. Alipomaliza nikamwuliza kwa mzaha ameweka namba gani. Akanitazama, akafunga simu ndani ya kifuko chake, akaniambia nikalete maji ya chai.

Kalamu naiweka chini hapo. Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne