"And" Si "Na" Siku Zote

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya jambo lililozusha ubishi bwenini kwetu muhula huu mzima, nalo ni namna Waingereza wanavyounganisha vitenzi vyao kwa neno "and". Najua wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo kwa mwanafunzi anayepoteza alama. Mwenzetu mmoja aliandika katika insha yake, "I shall try and visit my grandmother," yaani atajaribu kumtembelea bibi yake. Neno "and" likapigwa mstari mwekundu, na juu yake pakaandikwa "to". Wiki ile ile mwingine aliandika, "He tried and finish the work." Naye akapigwa mstari wa namna ile ile, akakatwa alama ile ile. Mimi nasema la kwanza si kosa hata kidogo, na la pili ni kosa kubwa. Lakini kwa kuwa yote mawili yamepakwa wino mmoja, sisi tulioketi darasani hatukuiona tofauti yake.

Nianze na lililo jepesi. Kitenzi-jina cha Kiswahili huibeba "ku" yake kila kiendako. Twasema kusoma na kuandika, kupanda na kuvuna, wala sijamsikia mtu akisema "kusoma na andika". Kiingereza hakina mzigo huo. "To" ikisemwa mara moja mwanzoni yatosha: "to read and write". Ndiyo sababu insha zetu hujaa sentensi kama "I want to go home and to eat and to rest and to sleep". Hapo hapana kosa la sarufi, lakini ni kama kumsikiliza mtu anayehesabu magunia ghalani. Mwingereza huirudia "to" pale anapotaka kila tendo lisimame peke yake, au sentensi ikiwa ndefu hata msomaji aweza kupotea njia. Basi. Kwa "or" ni vivyo hivyo: "to stay or go". Na baada ya "but" mara nyingi "to" huachwa kabisa, kama katika "He does nothing but sleep", ambapo sisi hatuwezi kuiacha "ku" yetu: hafanyi lolote ila kulala.

Sasa tuje kwenye "go and". Tazama sentensi hizi mbili. "She went to buy salt." "She went and bought salt." Wengi wetu tumezoea kuzichukua kama sentensi moja iliyovaa nguo mbili. Sivyo. Ya kwanza yasema alikwenda kwa nia ya kununua chumvi. Huenda alilikuta duka limefungwa akarudi mikono mitupu. Ya pili yasema chumvi imekwisha kununuliwa. Na ajabu ni kwamba tofauti hii hatuna haja ya kufundishwa na mtu, maana tunayo vinywani tangu utoto. Alikwenda kununua chumvi. Alikwenda akanunua chumvi. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba katika ile ya pili mboga itakuwa na ladha. Ile "ka" yetu, ambayo Bibi E. O. Ashton aliieleza katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944, ndiyo inayofanya hapa kazi ya "and" ya Kiingereza. Kwa hiyo anayetuambia kwamba "and" ni "na", basi, anatunyang'anya ufunguo tuliokuja nao kutoka nyumbani.

Hata lawama zimo humo. Mwingereza aliyekasirika husema, "He went and told the headmaster!" Si kwamba anataka tujue mtu yule alitembea kwenda ofisini, anachokisema ni kwamba hakupaswa kusema. Nasi je? "Si akaenda akamwambia mwalimu mkuu!" Sauti ile ile, na hasira ile ile.

Wamarekani wao hufupisha zaidi. Husema "go see" na "come eat", na vijana wengi wa hapa wameyaokota maneno hayo katika filamu. Lakini ufupisho huo una mpaka wake: huwezi kusema "he went see" wala "she comes eat". Wakati vitenzi viko katika umbo lake tupu mambo huenda. Kikivaa kiambishi chochote, au kikibadilika kwa wakati uliopita, mlango hufungwa.

Mpaka huo ndio unaolieleza neno letu la ugomvi, "try and". Nalo hukubali tu pale "try" inapokuwa tupu. "Try and come" ni sawa. "I will try and come" ni sawa. "They try and come every year" pia ni sawa, maana "try" haikuongezwa kitu. Lakini "he tries and comes" haina maana ile tena, "trying and coming" vile vile, na "he tried and finish" si Kiingereza cha mtu yeyote. Ukiandika "he tried and finished" umeandika sentensi halali, ila umesema jambo jingine: alijaribu akamaliza, ni matendo mawili yaliyokwisha. Anayetaka kipimo cha haraka na atumie "did". "Did he try and finish it?" Hapo "try" imerudi kuwa tupu, na sentensi yapita bila shida. Kipimo hiki kimoja kingemsaidia yule mwenzetu wa pili kuliko mistari kumi myekundu.

Wanaoikataa "try and" wana hoja yao, na ni haki niiseme. Husema kwamba "and" huunganisha mambo mawili yaliyo sawa, na kujaribu kumtembelea bibi si mambo mawili, ni moja. Hoja hii ina sura nzuri. Lakini nawauliza: mbona hawaipigi mstari "come and eat"? Anayekuja kula anakuja kwa ajili ya kula; mbona huko "and" inaachwa ipite salama? Lugha haifuati hesabu za namna hiyo. Waingereza wamekuwa wakiandika "try and" tangu karne ya 17, na H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926 kilikuwa kama hakimu kwa walimu wengi, aliitetea. Hadi leo Waingereza huitumia sana katika mazungumzo, kuliko Wamarekani. Kama bwana mkubwa yule aliipa ruhusa, sioni kwa nini mwanafunzi wa kidato cha pili ahukumiwe kwa ajili yake.

Sisemi tuiandike kila mahali. Katika mtihani, na katika barua ya kuomba kazi, andika "try to" ulale usingizi. Msahihishaji hakufahamu, na huna nafasi ya kumweleza habari za Fowler. Lakini katika barua kwa rafiki, katika mchezo wa kuigiza, au katika insha yenye watu wanaozungumza, "try and" ndiyo iliyo na uhai, na kuifuta ni kumfanya mhusika aongee kama tangazo la serikali.

Kuna jambo la mwisho, nalo lawahusu wazazi wetu pia. Kwa kuwa tumekariri kwamba "and" ni "na", tumeanza kuirudishia Kiswahili "na" ambayo hakuiomba. Siku hizi nasikia "Njoo na uone", "Jaribu na ushinde", "Nenda na umwite". Sikiliza basi mama anavyosema nyumbani: njoo uone, kaa ule, nenda kamwite. Hakuna "na" hata moja, wala hakuna anayeshindwa kumwelewa. Vivyo hivyo "alifika na akakaa", ambayo yajaa katika insha zetu za Kiswahili, ilhali "ka" imekwisha kuifanya kazi yote ya kuunganisha: alifika akakaa. Na ukiitaka "na" kwa nguvu, basi kitenzi kinachofuata kipe "ku" yake: alifika na kukaa. Wanafunzi watakaosema hii ni Kiswahili cha kizamani na waende mnadani Jumamosi wakasikilize watu.

Ninalowaomba walimu wetu wa Kiingereza si jambo kubwa. Wapange kipindi kimoja tu katika muhula, wachukue "go and", "come and" na "try and", waziweke ubaoni pamoja na "akaenda akanunua" na "njoo ule", watuonyeshe zinapofanana na zinapoachana. Hata mwalimu wa Kiswahili angeweza kualikwa siku hiyo. Sijui kwa nini hawa wawili hawakutani ila kwenye chai. Na katika kusahihisha, wino mwekundu ubakie kwa "tried and finish".

Kama yuko mwalimu asiyekubaliana nami juu ya bibi wa mwenzetu, nafasi iko katika toleo la muhula ujao, nami nitakuwa wa kwanza kulinunua.