Mgongo si wa kucheka



Mwenzetu mmoja aliumia mgongo akinyanyua vyuma. Sasa kila asubuhi anatembea polepole kiwanjani, na watu wanamucheka: «Nguvu yako ilienda wapi?» Sisi wa darasa la sita hatupendi maneno ile.

Kuacha chuma kwa muda si woga. Brian Carroll wa Marekani, fundi wa kunyanyua, mifupa ya mgongo ilimupasuka. Mwaka 2013 alienda kwa profesa Stuart McGill wa Kanada. Akapaswa kuacha uzito, kutembea, na kujifunza upya hata namna ya kuinama. Mwaka 2020 alichuchumaa na kilo karibu 592 mabegani, akasimama tena. Njo kusema, kuvumilia nako ni mazoezi.

Lakini kulala kitandani juma nzima si dawa; mgongo unataka kutembezwa kidogo kidogo. Na mguu ukikufa ganzi, ao mkojo ukikataa, usingoje: enda mbio kwa munganga.

Basi tunaomba: mwenye kuumia asibebe maji. Sisi wenye mgongo mzima tubebe ndoo yake, na kucheka kuishe.