Kansere na kazi: miezi sita ya sheria haitoshi mugonjwa

Mulinzi, karani ao muuguzi wa hospitali ya binafsi akiambiwa ana kansere, anaanza kuhesabu mambo mawili: siku za matibabu na siku za kazi. Hesabu hizo mbili hazipatane.

Dawa za kansere zenye kupitishwa mu mushipa mara nyingi hutolewa kwa zamu, kama kila majuma matatu, muda wa miezi mingi. Kisha zamu, mugonjwa anachoka sana, anatapika, na mwili unakosa nguvu ya kupigana na vijidudu. Muuguzi anayepokea wagonjwa siku nzima yuko basi mu hatari. Matibabu ya miali nayo hutolewa karibu kila siku, kwa majuma kadhaa. Kwa mukaaji wa Bukavu ao Goma, mara nyingi ni kuvuka mupaka mpaka Kigali ao Kampala.

Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema nini? Mukataba wa mugonjwa unasimama tu, hauvunjike. Anapashwa kupata theluthi mbili ya mushahara, na bosi anapashwa kumutunza, yeye na jamaa yake, mpaka mwisho wa mukataba. Lakini kisha miezi sita mfululizo bila kutumika, bosi ana ruhusa ya kuuvunja, akilipa malipo ya taarifa. Mukataba ukiisha, matunzo nayo yanakatika, pengine katikati ya matibabu.

Ndiyo maana wengine wanaficha ugonjwa. Wanaruka siku ya munganga juu ya kuogopa kuonekana wavivu, na kansere inaendelea.

Hata hivyo, neno "mfululizo" lina uzito. Mwenye kurudi kazini kati ya zamu mbili si sawa na mwenye kukosekana miezi sita yote. Karatasi ya munganga yenye kuonyesha tarehe za zamu na kazi gani mwili unaweza, inasaidia pande zote. Mulinzi wa usiku anaweza kuwekwa muchana. Karani anaweza kuingia saa nne. Wajumbe wa sindika wanaweza kumusindikiza mugonjwa mbele ya bosi.

Lakini muchuuzi wa soko na mubeba mizigo hawana mukataba, wala bosi wa kuuliza. Kwao, siku ya matibabu ni siku bila chakula. Na hao ndio wengi mu inchi.