Nani aliyetia kiberiti?

Jumamosi moja nilikuwa katika Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, nikingoja nyama yangu iive. Makaa yalikuwa yamegoma kushika moto. Mchoma nyama akamtuma kijana wake akalete kiberiti, naye kijana akarudi na kisanduku kitupu. Mzee akafoka: "Nimekutuma kiberiti!" Kijana akajibu kwa adabu: "Ndicho hiki, mzee. Kilichokosekana ni njiti." Waliokuwapo waliangua kicheko. Mimi nilibaki nikiwaza, kwani kijana yule alikuwa amesema kweli.

Neno hili kiberiti limebeshwa mizigo mingi. Asili yake ni Kiarabu, nako lilikuwa jina la yale madini ya manjano yatoayo harufu kali yanapoungua. Maana hiyo haijafa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ataikuta katika habari za Sodoma na Gomora, na bila shaka hadhani kwamba huko vilinyesha visanduku vya njiti. Waswahili walipolipokea neno waliona lina "ki" mwanzoni, wakaliingiza katika ngeli ya ki-vi kama walivyofanya kwa kitabu, ndiposa leo tuna viberiti. Baadaye vijiti vilivyopakwa madini hayo vikarithi jina, na kisanduku nacho kikarithi jina la vijiti. Njiti yenyewe ni Mbantu halisi, ndugu wa mti na kijiti. Jirani zetu wa Tanzania wameipa kazi nyingine ya huruma, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wao humwita mtoto njiti.

Ikumbukwe pia kwamba njiti ya kawaida peke yake haina moto. Kichwa chake kina dawa moja, na ubavu wa kisanduku una nyingine, fosforasi nyekundu. Mpango huo ulianzia Uswidi katika karne ya 19 ili njiti zisiwe zikilipuka ovyo. Lazima uwepo mkono wa kuzikutanisha dawa hizo mbili, na mkono huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Sisi waandishi wa magazeti tunapenda mno kusema kwamba nyumba "zimetiwa kiberiti". Nakiri kwamba nami nimeandika hivyo mara nyingi, maana maneno hayo yana ladha na hujaza mstari. Lakini yanadai kwamba aliyetia yupo, kisha yanamficha. Na tukisema soko "limeshika moto", tunafanya kinyume chake, kana kwamba soko lilinyoosha mkono lenyewe likaudaka moto.

Si mbali na hapo Burma, alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018, moto uliteketeza sehemu ya Gikomba na kuua watu wapatao 15. Haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho sokoni humo. Wafanyabiashara wengi wamelalamika mara kwa mara kwamba mioto hiyo inahusiana na kugombea ardhi. Kwa mama aliyepoteza marobota yake ya mitumba, vitenzi hivi viwili si mapambo ya lugha. Ikiwa soko limetiwa kiberiti, mama huyo anadai polisi na mahakama. Ikiwa ni waya wa umeme au jiko lililosahauliwa, swali ni la serikali ya kaunti: njia ya gari la zimamoto iko wapi, na maji yako wapi? Tukichagua neno kabla ya kujua, tumemhukumu mtu asiye na hatia au tumemwachilia mwenye hatia.

Yuko atakayeniambia kwamba msomaji huelewa tu. Basi na akumbuke kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa likiwa na watu ndani tarehe 1 Januari 2008. Nchi nzima ilisema kwamba kanisa limetiwa kiberiti. Washtakiwa wanne waliofikishwa mahakamani waliachiliwa mwaka wa 2009, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Sentensi yetu bado haina mtenda.

Ombi langu kwa wahariri wenzangu ni dogo. Pale ambapo chanzo hakijajulikana, tuandike kwamba soko limeungua, basi. Neno hilo halimsingizii mtu wala halimfichi. Na siku tutakapokuwa na sababu ya kuandika kwamba limetiwa kiberiti, mwandishi yule yule arudi baada ya mwezi, na baada ya mwaka, akawaulize polisi kwa jina la gazeti: na nani?

Nyama yangu, kwa wanaotaka kujua, ilichelewa sana. Njiti iliazimwa kwa jirani.