Kombe la Challenge limepotea kimya kimya, wanaoumia ni wachezaji wa mikoani

Mara ya mwisho timu za taifa za wakubwa kugombea Kombe la Challenge ilikuwa Desemba 2019, Kampala. Uganda iliichapa Eritrea 3-0 ikabeba taji la 15. Mwaka 2021 lilichezwa Ethiopia, ila kwa vijana wa chini ya miaka 23, Tanzania ikalichukua. Baada ya hapo, kimya.

Na hili si kombe la juzi. Lilianza 1926, Kenya na Uganda peke yao, likiitwa Gossage kwa jina la mfadhili wake, mtengeneza sabuni. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Tangu liwe chini ya CECAFA mwaka 1973, Bara tumelibeba 1974, 1994 na 2010, siku ile penalti ya Nsajigwa ilipoizima Ivory Coast waalikwa. Zanzibar walilipata 1995. Wao si wanachama wa FIFA, kwa hiyo kwao pengo hili ni kubwa kuliko letu.

Sasa njoo Morogoro. Mkoa huu umetoa mabingwa wa Bara: Mseto mwaka 1975, kisha Mtibwa Sugar ya Turiani mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Leo ukisoma kikosi cha Taifa Stars, wengi ni wa Simba, Yanga, Azam na wanaocheza nje. Dogo wa Mgeta au Matombo, huko milimani Uluguru, ataonekana wapi?

Challenge ilikuwa mlango. Ilichezwa nje ya kalenda ya FIFA, klabu hazikulazimika kuachia mastaa, kocha akapata sababu ya kujaribu sura mpya. Ubaya ni kwamba hapohapo ndipo ilipougulia: kombe lisilo na mastaa halivutii wadhamini. 2014, 2016 na 2018 halikufanyika kabisa.

Kuna watakaosema CHAN inatosha. Kweli, Agosti 2025 tuliiandaa na Kenya na Uganda, Stars ikafika robo fainali. Lakini usipokuwa mwenyeji, CHAN unaingia kwa mchujo. Challenge, ukiwa mwanachama wa CECAFA unacheza tu.

AFCON 2027 tumepewa nchi hizohizo tatu. Kabla ya hapo CECAFA irudishe Challenge ya wakubwa, hata ya timu nane, na kundi moja lipigwe Uwanja wa Jamhuri, Morogoro.