Samaki wa madimbwi ya Saadani: Soko lipo ng'ambo, mwenye dimbwi hapati kitu

Dereva anayepita kati ya Bagamoyo na Saadani wakati wa masika anaujua udongo mweusi wa mbuga zile kuwa ni mtego. Gari likizama hapo, safari ya siku hiyo imekwisha. Lakini udongo huo huo, unaonata na kushika maji, ndio unaotunza mayai ya samaki wadogo ambao wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wamekuwa wakiwafuga majumbani, katika matangi ya vioo, kwa zaidi ya nusu karne.

Wataalamu huliita kundi hilo Nothobranchius. Dume hazidi urefu wa kidole na ana rangi kali, nyekundu, buluu au njano kutegemea aina, wakati jike ni wa kijivu tu. Makazi yao ni vidimbwi vya msimu, mifereji ya kando ya barabara na hata mashimo yaliyochimbwa kifusi. Kiangazi kikifika dimbwi hukauka na samaki wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope lililopasuka. Mvua ikirudi huanguliwa kwa saa chache, na baada ya wiki chache vifaranga nao wanataga. Si ajabu wapo wanaoapa kwamba samaki hawa hushuka na mvua.

Pwani ya Tanzania ina aina nyingi za samaki hawa kuliko sehemu nyingi duniani. Ile ya Zanzibar, guentheri, iliandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1893, na ya Mafia, korthausae, mwaka 1973. Wageni huja na nyavu ndogo, huvua jozi chache na kuondoka nazo. Mfugaji makini wa huko hachanganyi samaki wa dimbwi moja na wa lingine, kwa hiyo kila ukoo hubeba jina la mahali ulipovuliwa, alama ya nchi kama TAN au TZ, na mwaka. Ndivyo majina ya vijiji vya Pwani yanavyotajwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuiona Tanzania.

Je, hapo kuna biashara kwa mkulima wa Matipwili au Makurunge? Hesabu inakataa, na sababu yake ni yai lenyewe. Mayai haya hukaa hai miezi kadhaa katika mboji yenye unyevunyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, na yanaweza kutumwa kwa posta kama barua. Mgeni akishapata jozi moja iliyotaga, hana haja ya kurudi. Mfano mzuri uko Zimbabwe. Samaki wa jamii hii, furzeri, waliovuliwa Gonarezhou karibu mwaka 1970, walitunzwa na wafugaji wa majumbani kizazi baada ya kizazi, hadi ukoo huo ukaingia katika maabara zinazochunguza uzee, kwa kuwa huzeeka ndani ya miezi michache. Ramani ya vinasaba vya aina hiyo ilitangazwa mwaka 2015. Safari moja ya uvuvi imelisha maabara za nchi nyingi.

Kigoma ni habari nyingine. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika huishi miaka mingi, na baadhi yao huzaa watoto wachache kwa mara moja, hivyo wanaovuliwa ziwani bado wana mnunuzi. Wa Saadani hamalizi mwaka. Nani atalipa nauli ya ndege kwa samaki atakayekufa kwa uzee mwezi unaofuata?

Kumzalisha hakuna ugumu. Tangi la lita 30, dume mmoja na majike wawili, na bakuli lenye vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa na kuoshwa mara kadhaa, vinatosha. Kila wiki vumbi hutolewa, hukamuliwa na kufungwa kwenye mfuko, na baada ya miezi miwili hadi minne, kutegemea aina, humwagiwa maji. Kazi ngumu ni chakula cha vifaranga, ambacho lazima kiwe hai na kidogo mno. Wafugaji wengi hutumia artemia, kijidudu cha maji ya chumvi, na hapo mwenye shamba la chumvi angesimama kidogo kufikiri. Kenya walipandikiza artemia katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980, na wanunuzi wake si wa samaki wa mapambo peke yao, bali pia wanaototolesha vifaranga wa kambale na kamba. Kwa mfanyabiashara mdogo, chakula hicho kina matumaini zaidi kuliko samaki mwenyewe. Waliojaza mabanda ya kware mwaka 2014 na kukosa wa kumuuzia wanajua tofauti ya kuzalisha na kuuza.

Sheria nayo isisahaulike. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na hakuna ruhusa ya kuingia na wavu kienyeji. Nje ya hifadhi, uvuvi uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kusafirisha samaki hai kwenda nje bila kibali ni kosa.

Kitu ambacho mgeni hawezi kukifunga kwenye bahasha ni dimbwi. Koo za kwenye matangi hupotea au kudhoofika, na wapenzi wa samaki hawa husafiri mbali kuona walikotoka. Serikali ya kijiji inayojua madimbwi yake yako wapi inaweza kudai ushuru na malipo ya kiongozi wa njia kabla wavu haujaloweshwa. Fedha hizo ni za msimu na si nyingi, ila zinabaki kijijini.

Lakini dimbwi hilo lisichimbwe likawa bwawa la kudumu, wala lisipandwe perege au kambale, maana vifaranga wataliwa kabla ya kutaga. Lisikaushwe moja kwa moja pia. Mradi wa barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge hadi Pangani na Tanga unafukia baadhi ya vidimbwi na kuchimba mashimo mapya ya kifusi, na mashimo hayo huanza kushika maji mvua za vuli zikianza.