Tagi ya mpwa wangu na historia isiyofika Garissa



Juzi nilikuwa Garissa kwa dada yangu. Juu ya kabati la vyombo nikakuta tagi, boti la kuvuta meli, iliyochongwa kwa mbao. Bomba la moshi ni kopo la maziwa, na kamba zimesokotwa kwa uzi wa gunia. Aliyeichonga ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Ubavuni ameandika Helmuth.

Helmuth ilikuwa tagi ya Wajerumani. Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza waliiteka Zanzibar wakaifanya mlinzi wa mlango wa bandari. Alfajiri ya Septemba 20, manowari Königsberg iliifyatulia mizinga ikipita, kisha ikaipiga Pegasus hadi ikazama. Novemba, Helmuth ilitumwa Tanga kusaka mabomu ya baharini, na tarehe 28 ikawa katika shambulio la Dar es Salaam. Kwa siku ile, afisa Henry Ritchie alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Wapagazi wetu wa vita hivyo walibakishiwa jina la soko, Kariakoo.

Michoro ya Helmuth kijana hakuipata mjini. Akaazima umbo la tagi alizoziona Kilindini wakati wa likizo.

"Mjomba, nitajuaje kama sijakosea?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Sisi wa Mombasa tuna afadhali. Mzinga wa Pegasus na wa Königsberg tunao Fort Jesus, mtoto hupita akaugusa. Wa Garissa je? Na vita havikumruka. Mapema 1941, askari wa Afrika Mashariki na wa Gold Coast walitoka ukingo huu wa Mto Tana kuelekea Kismayu, ikatekwa Februari 14. Mtoto anauvuka mto huo na haambiwi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya maktaba na makumbusho. Kwa hiyo tusielekeze kidole Nairobi pekee. Wawakilishi wadi wa Garissa, hata wa kwetu Pwani, watenge chumba kimoja na fungu la kuleta nakala kutoka Nyaraka za Taifa. Makadirio ya bajeti yakija kwa wananchi, tuhudhurie tukaulize fungu hilo liko wapi.

Kijana ametimiza wajibu wake kwa kisu na msasa. Uliobaki ni wetu.

Wabillahi tawfiq.